MIILI HAILINGANI: SOMO JUU YA CHAKULA NA NJAA



Leo twataka kunena juu ya jambo ambalo kila mtu huliona kwa macho yake, lakini ni wachache wanaolifikiri. Watu wawili hula chungu kimoja, mmoja akanenepa na mwenziwe akabaki vile vile. Tena watu wawili hupatwa na njaa moja, mmoja akavumilia na mwenziwe akaanguka. Kwa nini iwe hivyo? Tusipojua sababu yake twaweza kumhukumu mtu asiye na kosa. Tena twaweza hata kumwua mtu kwa chakula tulichompa kwa huruma. Kwa hiyo tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa utaratibu, sehemu kwa sehemu, ili waalimu walifundishe shuleni na wazee walikumbuke barazani.

1. Habari ya Kurwa na Doto

Tuseme katika kijiji fulani yuko mwanamke aliyezaa mapacha, nao wakaitwa Kurwa na Doto kama ilivyo desturi ya sehemu nyingi za Tanzania. Wote wawili walinyonya kwa mama mmoja, wakaachishwa ziwa siku moja, wakala uji mmoja na ugali mmoja. Walipofika umri wa miaka miwili Kurwa alikuwa akikimbia uwanjani na wenziwe. Lakini Doto alianza kuvimba miguu, kisha mikono na uso. Nywele zake zikawa nyepesi na nyekundu nyekundu, ngozi ikaanza kubambuka, akawa hataki kucheza wala kula, kazi yake kukaa pembeni na kulia kwa sauti ndogo.

Majirani husemaje wakimwona mtoto wa namna hii? Pande za pwani, na sehemu nyingine pia, husema kwamba mtoto amebemendwa, au ana chirwa. Yaani wazazi wake hawakushika miiko ya kulea, ama mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na kosa lake limempata mtoto. Basi mume humshuku mkewe. Wakwe hunena maneno makali. Pengine shauri hufika mbele ya wazee, na mashahidi huitwa. Wakati watu wazima wakishindana kwa maneno, mtoto anazidi kuvimba. Na kwa kuwa watu wamekwisha kuamini kwamba ugonjwa wake ni wa mwiko, hapelekwi hospitali ila baada ya siku nyingi kupita.

Lakini mzee mwenye busara akisikiliza shauri hili atauliza swali moja tu. Kama kosa ni la mama, mbona Kurwa ni mzima? Tumbo lilikuwa moja, ziwa moja, nyumba moja na chungu kimoja. Swali hili ni jema sana, nao wataalamu wameliuliza kwa bidii, wakapata jibu lake.

2. Mapacha wa Malawi

Ugonjwa wa Doto huitwa unyafuzi. Jina lake la kitaalamu ni kwashiorkor, nalo limetoka katika lugha ya Kiga ya nchi ya Ghana. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi hiyo wakati ilipoitwa Gold Coast, aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitangaza jina lile walilolitumia wenyeji. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake amekuja. Kwa miaka mingi baada ya hapo madaktari wengi walifikiri kwamba sababu yake ni moja tu, yaani upungufu wa vyakula vya kujenga mwili, kama maharagwe, samaki, mayai na nyama. Neno hilo lina kweli ndani yake, kwani unyafuzi huwapata hasa watoto wanaokula ugali au muhogo siku zote pasipo kitoweo cha maana. Lakini halikutosha kueleza kwa nini mtoto mmoja apatwe na nduguye asipatwe.

Basi wataalamu walikwenda nchi ya Malawi, ambako watu hula nsima, nayo ni ugali wa mahindi kama wetu. Wakawafuata mapacha jozi 317 tangu uchanga wao hata umri wa miaka mitatu, na habari zao zikatangazwa mwaka 2013. Walionaje? Katika kila jozi mia, karibu jozi 50 watoto wote wawili walibaki na afya. Jozi 7 watoto wote wawili walipatwa na utapiamlo. Lakini katika jozi 43 mmoja alipatwa na mwenziwe akabaki salama. Tazameni hesabu hiyo vizuri. Ugonjwa ulipoingia nyumba yenye mapacha, mara nyingi sana ulichagua mmoja, ukamwacha wa pili.

Wakazidi kutafuta. Twajua ya kuwa ndani ya matumbo ya kila mtu mna vijidudu vingi mno visivyoonekana kwa macho. Wengi wao si adui zetu; hutusaidia kuvunja chakula, ili mwili uweze kukitumia. Wataalamu walitwaa vijidudu vya pacha mgonjwa na vya pacha mzima, wakavitia matumboni mwa panya waliokuwa wamelelewa pasipo vijidudu vyo vyote, kisha wakawalisha panya hao chakula cha namna ile ya Malawi. Panya waliopewa vijidudu vya baadhi ya watoto wagonjwa walikonda sana. Wale waliopewa vya mapacha wazima hawakukonda kiasi hicho. Panya walikuwa wa namna moja na chakula kilikuwa kimoja. Kilichohitilafiana ni vijidudu vya tumboni.

Hatusemi kwamba vijidudu hivyo ndivyo sababu peke yake. Mtoto mmoja huharisha mara nyingi kuliko nduguye. Mwingine hupatwa na surua au malaria wakati wa kuachishwa ziwa. Na kila ugonjwa hula sehemu ya chakula ambacho kingemjenga. Lakini jambo moja limekwisha kuwa wazi. Uvimbe wa Doto haumshuhudii mama yake vibaya. Mzee anayemhukumu mwanamke kwa ushahidi wa miguu ya mtoto, anahukumu pasipo ushahidi.

3. Kwa nini miili hutofautiana

Sasa na tutazame watu wazima. Mara nyingi twamwona mtu mwembamba tukasema, "Huyu mke wake hampikii", au twamwona mtu mnene tukasema, "Huyu ni mlafi." Je, tuna haki ya kusema hivyo?

Katika mji wa Quebec, nchi ya Kanada, wataalamu waliwachukua vijana wanaume 24, nao walikuwa jozi 12 za mapacha wanaofanana kabisa. Kwa muda wa siku mia moja vijana hao walikaa chini ya ulinzi, na katika siku 84 za muda huo kila mmoja aliongezwa chakula cha kalori 1,000 juu ya kile kinachomtosha. (Kalori ni kipimo cha nguvu zilizomo katika chakula, kama vile kilo ilivyo kipimo cha uzito.) Mwisho wake walipimwa, na habari hizo zilitangazwa mwaka 1990. Aliyeongezeka kidogo aliongezeka kilo 4 na zaidi kidogo. Aliyeongezeka sana aliongezeka kilo 13. Ziada ya chakula ilikuwa moja, lakini faida yake mwilini ilizidi mara tatu. Tena mapacha wa jozi moja walielekea kuongezeka sawasawa. Kwa hiyo twajua ya kuwa sehemu kubwa ya tofauti hii mtu huzaliwa nayo, kama anavyozaliwa na urefu wake.

Je, chakula cha yule asiyenenepa kilikwenda wapi? Jibu moja lilipatikana Marekani mwaka 1999. Watu 16 waliongezwa kalori 1,000 kila siku kwa majuma 8. Mmoja aliongezeka mafuta yasiyofika nusu kilo, na mwingine yaliyozidi kilo 4. Wale wasionenepa walikuwa, pasipo kujua wenyewe, wameanza kujitikisa zaidi: kusimama, kutembea huku na huku, kuchezesha miguu wakiwa wamekaa. Mwili wao uliunguza ziada ile kama taa iliyopandishwa utambi. Wengine utambi wao haukupanda, na mafuta yao yakawekwa akiba.

Tofauti nyingine ni ya maziwa. Mtoto mchanga wa kila kabila huweza kusaga sukari iliyomo katika maziwa. Lakini watu wengi wakikua, nguvu ile hupungua. Wakinywa maziwa mabichi kikombe kizima, tumbo hujaa na kunguruma, nao huharisha. Wengine nguvu hiyo hawaipotezi maisha yao yote. Mwaka 2007 zilitangazwa habari za uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, nayo ikaonekana kwamba watu wa Afrika ya Mashariki wanaoweza kunywa maziwa ukubwani wana alama za urithi wao wenyewe, zisizo sawa na ile ya watu wa Ulaya. Alama hizo huonekana hasa kwa makabila yaliyofuga ng'ombe tangu kale. Basi mwalimu akiona mwanafunzi anakataa maziwa ya shule, asimwite mwenye kudeka. Huenda tumbo lake lasema kweli. Na ajaribiwe kwa maziwa ya mgando, kwani katika mgando vijidudu vimekwisha kula sehemu ya ile sukari, na wengi wasioweza maziwa mabichi huweza huo.

Zaidi ya hayo ziko tofauti ambazo kila mmoja wetu aweza kuziona. Mlimaji anayeshika jembe tangu alfajiri hahitaji chakula sawa na karani aketiye mezani. Mwanamke mwenye mimba, na zaidi yule anyonyeshaye, hula kwa ajili ya miili miwili. Kijana anayekua humshinda baba yake kwa kula, wala si uroho. Mzee hula kidogo, lakini kidogo chake chapasa kiwe kizuri. Na mwenye minyoo, au mwenye kisukari kisichotibiwa, aweza kula sana na kuzidi kukonda. Kwa hiyo mtu akila vema naye anapungua pasipo sababu, apelekwe akapimwe, asisemwe.

4. Njaa humfanya nini mtu

Methali yetu yasema, aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Sisi twaongeza: hata mwenye njaa hamjui mwenye njaa mwenziwe, maana njaa haiwashiki wote namna moja.

Mwili una ghala tatu. Ya kwanza ni sukari iliyowekwa akiba katika ini. Nayo ni ndogo, huisha kwa muda wa siku moja hivi. Ya pili ni mafuta, nayo ndiyo ghala kubwa. Ya tatu ni nyama ya mwili yenyewe, ambayo mwili huila kama mtu achomaye nguzo za nyumba yake apate kuni. Mtu mwenye mafuta mengi ana ghala kubwa. Mwembamba ana ndogo. Mtoto mdogo ndiye maskini kuliko wote. Ghala zake ni ndogo sana, na ubongo wake, ambao hula sukari mchana na usiku, ni mkubwa ukiulinganisha na mwili wake. Kwa sababu hiyo mtu mzima aweza kukosa chakula cha jioni asidhurike, lakini mtoto aliyekwisha dhoofika akilala na njaa aweza asiamke.

Wako watu waliokataa chakula kwa hiari yao, na siku zao zilihesabiwa. Mwaka 1981 wafungwa kumi wa Ireland ya Kaskazini walikufa kwa kususia chakula, wakinywa maji tu na chumvi. Wa kwanza kuishiwa nguvu kwa hesabu ya siku alikufa baada ya siku 46. Aliyedumu kuliko wote alikufa siku ya 73. Wote walikuwa vijana, kifungo chao kimoja na nia yao moja. Na hata hivyo kati yao palikuwa na tofauti ya siku 27. Na katika njaa kubwa nyingi zilizoandikwa, wanaume wazima wamekufa kwa wingi kuliko wanawake wazima, na sababu mojawapo ni kwamba mwanamke kwa kawaida ana mafuta mengi zaidi mwilini, tena mwili wake mdogo watumia kidogo.

Lakini habari ya njaa iliyochunguzwa kwa uangalifu mkubwa ni ile ya Minnesota, Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanaume 36, waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao, walijitolea kupunguziwa chakula, ili madaktari wajue jinsi ya kuwasaidia watu wa nchi zilizoharibiwa na vita. Msimamizi wao alikuwa mtaalamu Ancel Keys. Tangu Februari mwaka 1945, kwa majuma 24, walipewa chakula cha karibu nusu ya kile walichokizoea, viazi, mkate na mengineyo, huku wakitembea maili 22 kila juma. Nia ilikuwa kila mmoja apungue karibu robo ya uzito wake. Na hapa ndipo lilipoonekana jambo letu. Chakula cha kipimo kimoja hakikuwapunguza sawasawa. Iliwapasa wasimamizi kumwongeza huyu mkate na kumpunguzia yule, juma kwa juma, ili wapungue kwa kiasi kilichotakiwa.

Na mioyo yao je? Watu hao walikuwa wapole, wenye elimu na nia njema. Njaa ilipowashika waliona baridi hata siku za joto, mapigo ya moyo yakawa polepole, miguu ya wengi ikavimba. Wakawa wepesi wa hasira, wakachoka kuzungumza, hamu yao ya mambo mengine yote ikafa. Mawazo yao yakawa chakula tu; wengine walisoma vitabu vya mapishi kama watu wasomavyo hadithi, wengine walilamba sahani zao. Wachache walishindwa kabisa wakala kwa siri, na wengine walivumilia hata mwisho. Hawakuwa wameharibika tabia, maana waliposhiba kwa muda wa kutosha walirudi kuwa watu wale wa kwanza.

Enyi machifu na wazee, hili ni neno lenu hasa. Mvua zikikosekana na ghala zikiwa tupu, ugomvi wa nyumbani huzidi, wizi wa mashambani huzidi, na watoto shuleni husinzia. Hatusemi kwamba wizi si kosa. Twasema kwamba mwamuzi apaswa kujua kinachonena ndani ya mtu huyo, na mwalimu apaswa kumwuliza mtoto anayesinzia, "Je, umekula nini tangu jana?" kabla ya kumwadhibu.

5. Hatari ya kushibisha ghafula

Sasa twafika neno ambalo twaomba mlikumbuke hata mkisahau mengine yote. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi hapewi chakula kingi mara moja.

Mwezi wa Aprili mwaka 1945, askari wa Uingereza walipoifungua kambi ya Bergen-Belsen katika Ujerumani, waliwakuta maelfu ya wafungwa waliokuwa mifupa na ngozi. Askari kwa huruma yao waliwapa chakula cha askari, nyama ya kopo na vitu vyenye mafuta. Maelfu walikufa baada ya kufunguliwa, wengi kwa homa na udhaifu, lakini wako ambao miili yao haikuweza kukichukua chakula kile.

Sababu yake ni hii. Mwili ukikosa chakula hupunguza kazi zake zote, na chumvi zake za ndani, kama fosfati, potasiamu na magnesi, hupungua. Chakula kingi kikiingia ghafula, mwili huzivuta chumvi zile kidogo zilizobaki katika damu ili ukitumie chakula hicho. Damu hupungukiwa nazo, na moyo, ambao hauwezi kufanya kazi pasipo hizo, hudhoofika, pengine ukasimama. Ni kama kinu kilichokaa miaka mingi bila kugeuzwa. Ukikisukuma kwa nguvu zote siku ya kwanza, utakivunja.

Kwa hiyo hospitali humwanzia mtoto aliyedhoofika sana kwa maziwa maalum yasiyo mazito, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Hamu ikirudi na uvimbe ukipungua, ndipo huongezewa chakula chenye nguvu. Tena si wote wanaolazwa. Mtoto aliyekonda lakini anataka kula, wala hana ugonjwa mwingine mkubwa, aweza kutibiwa nyumbani kwa chakula cha dawa kilichotengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, mafuta na sukari. Mtoto asiyetaka kula hapana budi alazwe. Ugonjwa ni mmoja, dawa zatofautiana, kwa kuwa miili haikuwa sawa.

6. Yatupasayo kufanya

Mtu aweza kutuuliza, "Ikiwa miili yote yahitilafiana, nitamjuaje mtoto wa kuogopewa?" Swali hilo ni la haki. Ziko ishara chache ambazo hazimpendelei mtu.

Kwanza, mkono. Mtoto wa umri wa miezi 6 hata miaka 5 hupimwa mzunguko wa mkono wake wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kwa utepe. Ukipungua milimita 115, yu katika hatari kubwa. Ukiwa kati ya 115 na 125, yu karibu na hatari, naye aangaliwe.

Pili, miguu. Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba, uhesabu polepole kama sekunde tatu, kisha uondoe. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mashavu yake yamejaa. Wengi wamedanganywa na mashavu hayo, wakadhani mtoto amenenepa.

Tatu, hamu na uchangamfu. Mtoto aliyeacha kucheza na kukataa chakula amekwisha kusema asichoweza kusema kwa maneno.

Mkiwa njiani kwenda hospitali, mfunikeni mtoto asipate baridi, na kama aweza kumeza apewe maji ya sukari kidogo kidogo. Anyonyaye aendelee kunyonya. Asilazimishwe kula chakula kingi.

Nyumbani nako tuangalie jinsi tugawavyo chakula. Katika nyumba nyingi watoto huwekewa sinia moja, na mwenye mkono mwepesi hushiba, mpole hulala nusu tumbo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu awekewe sahani yake mwenyewe, na mtu mzima amtazame anapokula. Apewe mara nyingi, kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Na katika uji wake au ugali wake tiwe kitu cha kujenga mwili: karanga zilizosagwa, maharagwe yaliyopondwa, dagaa, yai au maziwa. Mama mwenye mimba na mama anyonyeshaye wasisubiri makombo.

Juu ya kufunga twasema neno moja tu. Mwenye kisukari, hasa anayetumia dawa ya sindano, na mwanamke mwenye mimba, wasijipime kwa nguvu za jirani zao. Wamwulize daktari kabla ya mwezi wa Ramadhani au kwaresima kufika. Sheria ya Kiislamu yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, wala si aibu kuitumia.

7. Neno la mwisho

Kugawa sawasawa ni jambo jema katika mali ya urithi. Katika chakula, kugawa kwa haki ni kumpa kila mmoja kadiri mwili wake unavyohitaji. Na katika hukumu, haki ni kutomfanya mama kuwa mkosaji kwa sababu ya mwili wa mtoto, ambao hakuuchagua yeye wala mtoto. Ikiwa shauri la Doto litafika mbele yenu kesho, amrini kwanza mtoto apelekwe hospitali. Akipona na kurudi uwanjani kucheza na nduguye, huenda hapatakuwa na shauri tena la kusikiliza.

Maswali ya kuwauliza wanafunzi

1. Katika jozi mia za mapacha wa Malawi, ni ngapi ambazo mtoto mmoja alipatwa na utapiamlo na mwenziwe asipatwe? Hesabu hiyo yatufundisha nini juu ya mama zao?
2. Taja ghala tatu za mwili. Kwa nini ghala za mtoto ni ndogo?
3. Kwa nini ni hatari kumpa chakula kingi mtu aliyekaa na njaa siku nyingi?
4. Mtoto ana mashavu yaliyojaa na miguu inayobonyea. Je, amenenepa? Utafanya nini?
5. Kesho tazama jinsi chakula kinavyogawanywa nyumbani kwenu. Nani hula kwanza, na nani hula mwisho? Mwambie mwalimu wako ulivyoona.